Nazi Alizokuna Baba Mlango Umefungwa

Wiki tatu zilizopita niliingia duka moja la vitambaa pale Kilindoni kutafuta kanga za harusi ya mdogo wangu. Mwenye duka, mama wa Kihindi mtu mzima aliyezaliwa hapahapa kisiwani, alikuwa amewasha televisheni juu ya rafu ya vitenge, sauti ameipunguza. Nilikuwa nimeinama napapasa kanga, mara nikasikia wimbo. Filimbi kwanza, kisha ngoma ndogo, kisha sauti ya mwanamke, nyembamba kama uzi. Kabla sijainua kichwa nilijua kwamba pale kwenye kioo yupo mwanamke wa sari nyekundu, na anautafuta mlango wa nyumba yake kwa vidole, kwa sababu haoni.

"Umeiona hii?" mwenye duka akaniuliza.

"Sijui mara ngapi," nikamjibu, nikatoka bila kununua kitu. Sikutaka kulia mbele ya marobota ya vitenge.

Ngojeni niwasimulie, maana nyumbani kwetu jambo hili hatulizungumzi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Ndagoni, nyumba yenye bati upande wa mbele na makuti upande wa jiko. Baba alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki. Banda lake lilikuwa kando ya barabara, na kama ilivyo kwa mabanda yote ya mafundi, waliokuja kutengenezewa walikuwa wachache kuliko waliokuja kukaa. Mama alilima mwani. Kazi ya mwani haifuati saa ya ukutani, inafuata maji. Siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali mpaka unaona mchanga ambao siku nyingine huoni, mama aliondoka asubuhi na kurudi jua limeshapinda, kanga imemganda magotini kwa chumvi, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyechezea maji kutwa. Alinuka pwani. Hata akioga, harufu ile ilibaki kwenye nywele, na mimi niliipenda, ingawa yeye aliichukia.

Tulikuwa na televisheni ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa, na deki iliyokuwa ikipata moto baada ya saa moja, vyote vikila umeme wa sola kutoka kwenye betri ya gari. Sidii tulikuwa nazo tano. Nne sizikumbuki vizuri. Ya tano ilikuwa hiyo ya Kihindi, imetafsiriwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye aliongeza ya kwake kila alipopata nafasi. Kwa mdomo wake Wahindi wale walikula ugali na dagaa, na mama mkwe alimtishia mkamwana wake kwamba atamrudisha kwao Mbagala. Hadithi yenyewe ilimhusu mfinyanzi ambaye mkewe anapofuka. Anampikia, anamfulia mtoni mbele ya kijiji kizima kinachomcheka, na mke hajui ni nani anayefanya yote hayo. Anadhani ni jirani. Mpaka siku moja anaushika mkono wa mumewe, anapapasa malengelenge, anajua.

Hapo baba alilia. Kila mara. Alianza kukohoa kidogo, kama mtu aliyepaliwa, kisha anafuta uso kwa mkono wa kanzu. Mama naye alijifunika kanga mpaka puani, nikajua naye analia. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mara nyingi alikuwa amelala.

Tuliiangalia kila Ijumaa mchana, baada ya sala na chakula. Mwani ukioza kwenye kamba, tuliiangalia. Baba akigombana na mteja, tuliiangalia. Tulijua kila neno, na hicho ndicho tulichokipenda: hakuna baya lililotupata ndani ya picha ile ambalo hatukulitarajia.

Sasa nije kwenye siri. Siku za bamvua, nikirudi shule saa saba, nilikuta mlango wa jiko umefungwa na komeo. Ndani kuna sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Nikibisha, baba anauliza, "Nani?" Nikijibu ni mimi, ananifungulia kidogo, napita ubavu, anafunga tena. Jiko lilikuwa giza na moshi, na katikati ya moshi baba yangu, mtu mrefu mwenye mabega, ameketi juu ya mbuzi, kile kibao kifupi cha kukunia nazi chenye ulimi wa chuma, magoti yamefika masikioni, anakuna. Alikuna vizuri. Alizungusha kifuu taratibu, nazi ikaanguka nyeupe, laini, bila kipande cha ganda hata kimoja. Alikuwa ameosha mikono kwa sabuni na mchanga, lakini wali wake ulikuwa na kaharufu ka grisi ambako hadi leo nikila wali mtupu nakakosa.

"Usimwambie mtu," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Usimwambie tu, mwanangu."

Na mimi, wenzangu, sikumwambia mtu kwa miezi. Mpaka siku moja pale chuoni, tulikosoma Kurani, tukimsubiri mwalimu atoke kusali alasiri aje atusomeshe, wasichana wakaanza kushindana ni mama wa nani anapika wali mtamu. Rafiki yangu Saumu akasema wa mama yake una tui zito kuliko wote. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Baba yangu anakuna nazi laini kuliko mama zenu wote."

Halafu wakacheka, nami nikacheka pia, kwa kuwa nilidhani wamefurahi.

Kesho yake nilipopita bandani kumpelekea baba maji ya kunywa, nikamsikia mmoja wa wale waliokuja kukaa akisema, "Fundi, mbuzi wako hajambo?" Mwingine akaongeza, "Ana meno bado, au amezeeka?" Wa tatu akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha mimi kutosikia, kwamba mwanamume hafiki huko kwa akili yake, lazima mkewe amemlisha limbwata, dawa ya kumtawala. Baba alikuwa ameshika bisibisi. Aliendelea kukaza ile skrubu, akaikaza, akaikaza, mpaka ikakatika kichwa.

Hakunigombeza. Hakuniuliza hata kama ni mimi. Bali siku iliyofuata nilirudi shule nikakuta mlango wa jiko wazi, moto umezimika, na nazi mbili nzima ziko sakafuni. Mama aliporudi pwani, mdogo wangu Rukia, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa analia njaa, na baba ameketi uani anaangalia ukuta.

"Leo vipi?" mama aliuliza. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Haya, basi nini?"

"Watu wanacheka, Mama Hawa."

"Wanacheka nini?"

"Mimi. Kukuna nazi."

Mama alitua kapu lake chini. Maji ya chumvi yalikuwa bado yanamchuruzika miguuni. "Mimi nakuna mwaka wa kumi sasa," alisema. "Mbona hawanicheki?"

Baba akaangalia mikono yake. "Wewe ni mwanamke."

"Kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo ya kuchekwa. Mimi nimeizoea tu."

Nilisimama katikati yao na Rukia mgongoni, najaribu kutafuta ni wapi ugomvi umeanzia. Kama mama alitaka nazi zikunwe, zilikuwa zikikunwa. Kama baba aliona aibu, mbona alizikuna vizuri hivyo? Nilitamani mtu anifafanulie, lakini mtu wa kumuuliza alikuwa ama baba ama mama, na wote wawili walikuwa wamenuna.

Siku nne hawakusemeshana. Walisema kupitia kwangu. "Mwambie baba yako maji yake ya kuoga yako tayari," mama alisema, na baba ameketi hatua mbili kutoka hapo. "Mwambie mama yako nimesikia." Mwanzoni nilipeleka ujumbe wote, neno kwa neno, kwa heshima zote. Siku ya tatu nilichoka, nikawa natikisa kichwa tu upande huu na upande ule.

Ijumaa ikafika. Nikasema moyoni, leo watapatana, leo kuna picha. Nikatandika mkeka mwenyewe, nikapangusa sidii kwa upindo wa gauni, nikaiweka. Walikuja, wakaketi, baba mwisho huu wa mkeka, mama mwisho ule. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni kama kawaida. Picha ikaenda vizuri. Mfinyanzi akafua mtoni, watu wakamcheka, mtafsiri wetu akawatukana wale wanaocheka kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mke akaushika mkono wa mumewe. Baba akakohoa.

Mama akasimama, akaenda mbele, akazima deki.

Nawaambia, haijawahi kutokea. Hata betri ilipokuwa inakufa tulingoja ife yenyewe. Watoto wa jirani wakatazamana.

"Huyo unamlilia kwa sababu yuko mbali," mama alimwambia baba, na yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia yeye mwenyewe tangu siku ile. "Angekuwa jirani yako hapa, ungekaa nao bandani umcheke."

Machozi ya baba yalikuwa bado hayajakauka. Sikujua kama bado ni ya yule mfinyanzi au yameshakuwa ya jambo jingine.

Kesho yake asubuhi mama akafunga mzigo. "Nakwenda Bwejuu kumsalimia bibi yako," aliniambia. Bibi, mama yake, anaishi Kisiwa cha Bwejuu. "Wewe una shule. Nitarudi." Rukia alikwenda naye. Niliwasindikiza mpaka pwani. Alipopandisha mzigo chomboni niliona kitu kinachomoza kwenye kanga, ulimi wa chuma, wenye meno. Alikuwa amechukua mbuzi. Ilikuwa yake, alipewa kwao siku ya harusi. Lakini nilijiuliza njia nzima ya kurudi: kwenda kumsalimia bibi na mbuzi ya kukunia nazi ni salamu gani hiyo?

Siku tatu tulikula mihogo ya kuchemsha na maandazi ya kununua. Siku ya nne akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mkavu mwenye haraka. Alikagua nyumba, akamkuta baba amekaa, akaniona mimi. "Una mtoto wa kike wa miaka tisa ndani ya nyumba," alimwambia, "halafu unalalamika nini?"

Baba alisema, "Bado mdogo, dada."

"Sisi tulianza na miaka saba."

Basi nikaanza. Niliteka maji, nikafagia, nikaosha vyombo, nikapika. Shangazi alinielekeza kwa kidole, akiwa ameketi, kisha jioni anarudi kwake. Sitaki mniwazie kama mtoto aliyeteswa. Niliona fahari. Nilidhani nikifanya vizuri hakutabaki kitu cha kugombania, na mama akisikia kazi zote zimekwisha atarudi. Shuleni nilisinzia, mwalimu akanisimamisha, nikasinzia nimesimama.

Siku ya nane nilikuwa naepua sufuria ya wali. Nilitumia majani mawili ya mgomba kama mama. Moja likateleza. Maji ya moto yalinimwagikia mguu wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka vidoleni.

Sikumbuki maumivu vizuri. Nakumbuka zaidi kwamba nilikuwa natazama wali ulivyomwagika mchangani, nawaza nani atauokota. Shangazi akanipaka dawa ya meno. Baba alifika mbio kutoka bandani, akauona ule mguu mweupe kwa dawa ya meno, akaninyanyua, akanipakia mbele yake kwenye pikipiki ya mteja, mpaka zahanati. Muuguzi alimgombeza baba kwa ajili ya ile dawa ya meno, naye akapokea maneno yote kama mtu anayehesabiwa makosa mengine kabisa. Kisha muuguzi akauliza, "Alikuwa anafanya nini huyu?"

"Anapika," baba alisema.

"Mama yake yuko wapi?"

"Safari."

"Na wewe?"

Baba akaninyanyua, tukaondoka.

Tuliporudi alinilaza uani kwenye kivuli cha nyumba, kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi. Alimshukuru shangazi, akamwambia apumzike kwake. Kisha akatoka. Nilisikia mwenyewe, maana nyumba ya kina Saumu haiko mbali: "Hodi, Mama Saumu. Hujambo? Nimekuja kuazima mbuzi."

Alirudi kwa njia ya bandani. Angeweza kupita nyuma ya nyumba, uchochoroni, asionekane. Alipita barabarani, mbuzi ameikumbatia kwapani mchana kweupe, na wale wa bandani wote wapo. "Fundi!" mmoja akapiga kelele. "Unampeleka malishoni?"

"Nampeleka nyumbani," baba alisema. "Mwanangu hajala."

Akaiweka pale uani, karibu na kichwa changu, akaketi juu yake, akaanza. Kwaru, kwaru. Watu walipita njiani na kumtazama. Wengine walisalimia, wengine walificha mdomo kwa mkono. Baba alikuwa anatokwa jasho kama mtu aliyebeba gunia. Nilimtazama kutoka chini, na sikuelewa. Nazi moja haichoshi hivyo.

Habari ilifika Bwejuu haraka kuliko chombo chochote. Siku mbili baadaye mama alifika, amemshika Rukia mkono, nyuma yake bibi na kikapu. Baba alikuwa uani, sufuria jikoni, mwiko mkononi, mlango wazi mpaka ukutani. Nilikuwa nimeshaona yatakayofuata, niliyaona kila Ijumaa: mama atakwenda, ataushika mkono wake, ataupapasa, na wote watalia.

Mama alinijia mimi kwanza. Akafunua kitambaa, akautazama mguu muda mrefu. Halafu akasimama, akamtazama baba na mwiko wake.

"Kumbe uliweza," alisema.

Baba akasema, "Mama Hawa..."

"Kumbe uliweza kufungua mlango!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Wakati wote huo uliweza!"

Na akalia, lakini si kilio nilichokingoja. Kilikuwa kilio cha hasira, cha kupiga mapaja, mpaka bibi akamshika mabega akamwingiza ndani. Mimi nilibaki na baba pale nje. Alinitazama kama anayetaka mimi nimweleze. Ningemwelezaje? Mama aliondoka kwa sababu baba hakupika. Amerudi, amemkuta baba anapika, amekasirika zaidi. Nililia na mimi, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba haya yote yametoka mdomoni mwangu siku ile chuoni.

Bibi alikaa nasi wiki nzima. Walizungumza ndani watu wazima watatu, mimi na Rukia tukifukuzwa tukacheze, mimi kwa mguu mmoja. Sijui walikubaliana nini. Najua kilichoonekana: mama alibaki, na siku za bamvua baba alikuna nazi uani. Walimcheka kama mwezi hivi, kisha mtu mmoja kijijini akaoa mke wa tatu, wakahamia huko. Kufua nguo hakukubali, hata leo. Kufagia anafagia anapotaka yeye, na vibaya. Bado wanagombana kuhusu kuni. Sidii tuliendelea kuiangalia, na baba aliendelea kukohoa palepale.

Nimeishi na hatia ya mdomo wangu mpaka nikawa mtu mzima mwenye nyumba yangu na ugomvi wangu wa vyombo. Baada ya siku ile ya dukani nilikata shauri, nikaenda Ndagoni. Nilimkuta baba kwanza, nikamuuliza: kwa nini ulikuwa unafunga mlango?

Alishangaa kama nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Wangesema mke wa fundi mvivu," alisema. "Wangesema kaniwekea limbwata. Na si walisema? Mimi kuchekwa si kitu. Nilikuwa namfichia mama yako."

"Ulimwambia hivyo?"

"Anajua."

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Hakuacha kazi. Nilimuuliza kama anajua kwa nini baba alifunga mlango.

"Aibu," alisema. "Aliionea aibu kazi yangu."

Nilitaka kumwambia. Kisha nikaona nimuulize kwanza lile jingine, lililonisumbua miaka yote: mbona siku ile alikasirika hivyo, naye baba alikuwa anafanya alichokuwa akikitaka mama?

Alikaza fundo kwa meno, akautema ule uzi.

"Mimi nilimwomba miaka kumi kwa mdomo anisaidie bila kujificha," alisema. "Wewe ukamwomba mara moja kwa mguu, akakusikia. Nilifurahi, mwanangu. Lakini nilikuwa najiuliza, ina maana mimi nilipaswa niungue wapi?"

Sikujua kama maneno ya baba yangemfaa kitu kwa saa ile au yangemuumiza upya. Alinisukumia mwisho wa pili wa kamba kwa kisigino. Nikaketi mchangani, nikaushika, nikaanza kufunga.